Jozi ya Sita

Dalili ya kwanza haikuwa taa, bali sauti ya feni. Gari langu, Toyota Prius ya haibridi (inayotumia injini ya petroli pamoja na mota inayolishwa na betri kubwa iliyo nyuma) iliyotengenezwa Japani mwaka 2005 na kushushwa bandarini Dar es Salaam baada ya kutumika huko kwao kwa miaka kadhaa, lilikuwa na feni ndogo karibu na kiti cha nyuma ambayo kwa kawaida husikii hata kama ipo. Desemba 2016, nikisafiri na mdogo wangu kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro shule zikiwa zimefungwa, feni hiyo ilianza kuvuma tulipopita Mlandizi, na tulipoikaribia Chalinze ilitubidi kupaza sauti ili tusikilizane. Kwenye skrini ya katikati, vijiti vinavyoonyesha chaji ya betri kubwa vilikuwa vikipanda hadi kuwa vya kijani, kisha vikiporomoka hadi rangi ya waridi, na yote hayo yalitokea ndani ya mwendo mfupi wa barabara. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nilijua kwamba betri yenye uwezo wake kamili haijai wala haiishi upesi namna hiyo.

Muda si mrefu ikawaka pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, ikafuatiwa na taa ya injini. Niliegesha pembeni na kusubiri kidogo. Gari lilipokubali kuwaka na kutembea, ingawa kwa uzito, niliamua kuendelea polepole huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na sababu yake haikuwa starehe: betri kubwa ya gari hilo hupozwa kwa hewa inayovutwa na ile feni kutoka ndani ya kabati la abiria, hivyo hewa ikiwa na joto, betri nayo huchemka. Mdogo wangu aliniuliza mara moja tu, "Dada, tutafika?" Nilimjibu kwamba tutafika, ila kwa kuchelewa.

Gereji ya kwanza niliyoingia mjini Morogoro ilinipa jibu kabla sijamaliza kueleza. Kijana alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akasoma namba moja ya hitilafu, P0A80, akatangaza kwamba betri kubwa imekufa na inunuliwe nyingine nzima. Bei aliyoitaja ilizidi robo ya fedha niliyolinunulia gari. Kwa kunifariji, aliongeza kwamba angeweza kuchomoa teminali ya betri ndogo, ile ya volti 12, ili namba zifutike na taa zizime, nisafiri nazo zikiwa zimezimika. Niliikataa huduma hiyo. Kufuta namba za hitilafu kabla hazijasomwa zote ni kumfukuza shahidi kabla hajatoa maelezo, kwa sababu pamoja na namba hizo kompyuta huhifadhi hali ya gari wakati taa ilipowaka: mwendo, joto, volti na kiasi cha chaji.

Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa fundi umeme wa magari, mzee aliyekuwa na kibanda chake nje kidogo ya mji. Baada ya shikamoo na marahaba, hakugusa betri kubwa hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye buti, akafunua pembe ya kulia ilipo betri ndogo ya volti 12, akaipima kwa mita gari likiwa limezimwa. Ilisoma volti 12.5. Akaniomba niwashe gari mpaka neno READY lionekane, akapima tena, ikasoma 13.9.

"Mwalimu, huyu hana kesi," alisema, akaufunga mfuniko.

Hatua hiyo ilinivutia kuliko zote, nami bado naiona kuwa ndiyo inayorukwa zaidi. Katika gari la kawaida la petroli, betri ndogo ikichoka utaisikia, kwani stata huzunguka kwa uvivu. Katika Prius betri hiyo haizungushi injini kamwe. Injini huzungushwa na mota inayotumia umeme wa betri kubwa ya nyuma. Kazi ya betri ndogo ni kuziamsha kompyuta na kuziwasha rilei, yaani swichi za umeme, zinazoruhusu umeme mkubwa kupita. Kwa hiyo ikidhoofika haitoi sauti yoyote. Badala yake kompyuta hupata umeme pungufu, huanza kulalamika ovyo, na dashibodi hujaa taa za breki, za utelezi na ile pembetatu, ambazo hazina uhusiano wowote na ubovu wa betri kubwa. Sitashangaa nikiambiwa kwamba betri kubwa nyingi zilizo nzima zimetolewa magarini kwa kosa la ile ndogo. Mzee huyo alitazama pia kama mpira wa kutolea gesi nje umechomekwa, kwa kuwa betri hiyo hukaa ndani ya gari pamoja na abiria, na mafundi wengi wakibadilisha huweka betri yoyote ile isiyo na tundu la mpira huo.

Ndipo akachomeka mashine yake, na tofauti na yule kijana, alifungua kompyuta moja baada ya nyingine: ya injini, ya breki, ya mfumo wa haibridi na ya betri. Kwenye ile ya betri kulikuwa na namba ya pili ambayo gereji ya kwanza haikuifikia, P3016. Betri kubwa ya gari hili ina moduli, yaani vipande vya betri, 28 zilizopangwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na seli sita za nikeli na haidridi ya metali zenye volti 1.2, hivyo moduli moja ina volti 7.2 na zote kwa pamoja hufikia volti 201.6. Kompyuta haizisomi moduli moja moja, bali mbili mbili, kwa jozi 14, na namba za hitilafu kuanzia P3011 hadi P3024 zinazifuata jozi hizo kwa mpangilio. Namba yetu iliielekea jozi ya sita.

Hata hapo hakuridhika. Tuliendesha gari kuelekea Bigwa, mashine ikiwa mapajani mwangu na volti za jozi zote 14 zikisomeka kwenye kioo chake. Barabara ilipokuwa tambarare jozi zote zilifanana kiasi cha kunifanya nianze kutilia shaka safari yenyewe. Tulipopanda na mota ikaanza kuomba umeme mwingi, jozi 13 zilishuka pamoja hadi karibu volti 14.5, huku ya sita ikiporomoka hadi chini ya 13. Tofauti ile inazidi volti za seli moja, na nilielewa bila kuelezwa: mahali fulani katika jozi hiyo seli moja ilikuwa haichangii kitu. Katika mfuatano mkondo ni uleule kila mahali, kwa hiyo aliye dhaifu ndiye anayejaa mapema wakati wa kuchaji na kuisha mapema wakati wa kutumia, na kompyuta, inayojitahidi kuiweka chaji kati ya takribani asilimia 40 na 80, humfuata yeye. Vijiti vilivyocheza kule Chalinze vilikuwa vinamsoma huyo mmoja.

Kuifungua betri kulifanyika asubuhi iliyofuata. Fundi alizima gari, akaniambia niondoke na ufunguo nikauweke mbali, akavaa glavu nene za mpira, akaichomoa plagi ya usalama ya rangi ya machungwa na kuitia mfukoni mwake ili asiwepo wa kuirudisha kwa bahati mbaya. Kisha akakaa kwenye benchi akinywa chai. Kapasita za inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri kwa ajili ya mota, huhitaji walau dakika tano kumwaga umeme wake, naye alizipa zaidi. Kijana wake alipotaka kuanza, alimkemea kwa ukali ambao sikuutarajia kutoka kwa mtu mpole vile, na alikuwa na haki. Volti 200 za mkondo mnyoofu hazitoi nafasi ya kujifunza.

Mfuniko ulipoondolewa, mambo matatu yalionekana kwa macho. Feni ilikuwa imevaa utando wa vumbi na nywele uliofunika mapezi yake. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vilikuwa vimeota kutu ya kijani, jambo lisilo la ajabu kwa gari lililolala miaka yote karibu na bahari. Na moduli ya kumi na mbili, iliyo karibu na katikati ambako joto hujikusanya, ilisoma volti 6.6 wakati jirani zake zilisoma 7.8. Mzee hakuiamini mita peke yake. Aliunganisha kila moduli na balbu ya taa kubwa ya wati 55 kwa dakika mbili na kuandika volti za mwanzo na za mwisho kwenye kipande cha boksi. Ile ya kumi na mbili ilianguka mara moja. Mbili nyingine zilishuka zaidi kidogo kuliko wenzake, naye akaziwekea alama ya chaki bila kuzitoa.

Moduli ya kufidia ilipatikana kutoka kwenye betri ya gari lililopata ajali, nayo ilipimwa kwa balbu ileile. Shaba zilisuguliwa zikang'aa, feni ikaoshwa. Kabla ya kufunga, moduli zote 28 ziliunganishwa kwa usambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) zikalala hivyo usiku kucha ili zilingane chaji, kwani kuingiza mgeni mwenye chaji tofauti katikati ya wenyeji ni kuanzisha tatizo lilelile upya. Namba za hitilafu zilifutwa mwishoni kabisa. Tulirudi Bigwa, na kwenye kilima kilekile jozi ya sita ilishuka pamoja na nyingine.

Malipo yake, ukijumlisha moduli, hayakufika sehemu ya kumi ya bei niliyotajiwa na gereji ya kwanza. Alipopokea fedha aliniambia waziwazi kwamba hakuniuzia betri mpya. "Hizi zilizeeka pamoja, Mwalimu. Zile mbili za chaki ndizo zitakazofuata." Alinishauri feni isafishwe kila gari linapobadilishwa oili, nami nikafanya hivyo. Gari lilitembea vizuri hadi mwaka 2018, taa ilipowaka tena wakati wa joto. Safari hiyo namba ilielekea jozi ya saba, ambamo moja ya zile zenye chaki ilikuwemo, na tulikubaliana bila mjadala mrefu kwamba sasa inunuliwe betri nzima.