Tandiko la mtini: kamba ya kukalia sasa inashikwa na fundo

Hatua ya kuchagua kitu cha kushika kamba, kibanio cha chuma au fundo, imekamilika. Naiandika kwa kirefu kwa sababu imenila muda kuliko hata kushona tandiko lenyewe, na kwa sababu hapa ndipo uhai wa mtu ulipo.

Kwa mgeni wa mradi huu: natengeneza vifaa vya kukaa juu ya mti kwa saa nyingi na kamera mkononi, nipate picha za hondohondo na ndege wengine wa msitu wa Pugu nikiwa usawa wao, si kwa kuwatazama tumbo kutoka chini. Mtindo wenyewe ni wa wawindaji wa Marekani wanaovizia kulungu kwa upinde. Hawajengi dungu. Mtu anavaa mkanda mpana wa nyonga, ndilo tandiko, anajifunga kwenye shina, anaegemea nyuma huku miguu iko kwenye kikanyagio kidogo, na mti unambeba. Uwindaji kwetu una vibali vyake na mimi siuhitaji. Ninachokitaka kwao ni ule ustadi wa kutulia juu bila kelele.

Kamba ziko mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza naiita kamba ya kupandia: inatoka nyonga moja, inazunguka shina, inarudi nyonga ya pili, kama wanavyofanya mafundi wa nguzo za umeme. Hii unairefusha na kuifupisha kila unapopanda hatua, maana shina linazidi kuwa jembamba na matawi yanakatisha njia. Ya pili ni kamba ya kukalia. Inafungwa kwenye shina usawa wa paji la uso, inashuka hadi kwenye daraja, yaani kipande cha kamba kinachounganisha pande mbili za tandiko mbele ya tumbo. Ukishaegemea, uzito wako wote uko pale.

Kamba niliyochagua ni ya milimita 11, ya aina isiyovutika sana, yenye kiini ndani na gamba lililofumwa nje, iliyopigwa alama ya kiwango cha Ulaya cha EN 1891 aina A. Dukani Kariakoo kamba nyingi za bei nafuu ni za plastiki, zile tunazoziita manila. Kwa kufungia mzigo kwenye guta zinafaa sana, lakini mtu asizikalie: zinachakaa kwa jua, na plastiki ile huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi. Fundo likiteleza kwa kasi juu yake, joto la msuguano linatosha kuiharibu.

Sasa namba, kwa sababu ndizo zilizoniamulia. Kiwango cha EN 1891 aina A kinataka kamba ihimili angalau kilonewtoni 22, na ikiwa imefungwa fundo mwishoni ihimili 15. Kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100 zikining'inia zimetulia. Hapo mtu anaona ana akiba kubwa. Lakini kiwango hichohicho kinapima pia mshtuko: mzigo wa kilo 100 ukianguka umbali mfupi tu, theluthi ya urefu wa kamba au pungufu kidogo, mvuto unaruhusiwa kufika kilonewtoni 6. Kamba isiyovutika hainyonyi mshtuko, inakurudishia wewe na kile kinachoishika. Na vibanio vya chuma vya kupandia kamba hupimwa kwa kiwango cha EN 567, ambacho kinadai vishike kilonewtoni 4. Nne upande huu, sita upande ule. Nilipoziweka namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja wa daftari, swali la kibanio au fundo lilibadilika kabisa machoni pangu.

Vibanio vyenyewe ni vizuri, nisivipake matope. Wild Country Ropeman 1 ni kidude kidogo chenye ulimi wa chuma. Karabina, yaani pete ya kuunganishia yenye mlango, inapita ndani ya ulimi huo, na uzito wako unapoivuta karabina, ulimi unaikandamiza kamba ukutani. Kufupisha ni raha: unavuta mkia, yaani ncha ya kamba iliyo huru, kamba inapita, kinashika chenyewe. Kong Duck inafanya kazi kwa namna hiyo pia na inakubali kamba nyembamba zaidi. Shida iko kwenye kurefusha. Ukishakiegemea, ulimi umeuma, na hauachii mpaka unyanyue mwili kwanza. Na ukianguka kwa mshtuko, ulimi unaweza kukata au kuvua gamba la kamba. Petzl GriGri ina mpini wa kukuteremsha taratibu ukiwa umening'inia, hilo ni jambo kubwa, ila ni nzito na ikigonga karabina inalia kengele. Hondohondo wana masikio.

Nikageukia mafundo ya msuguano. Prusiki ndilo linalojulikana zaidi, limepewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza kwa maandishi mwaka 1931. Kitanzi cha kamba nyembamba kinazungushwa kwenye kamba kubwa, kawaida mara tatu, pande mbili zikifanana, na linashika ukivuta juu au chini. Lakini likishabeba uzito wa mtu kwa saa moja linakuwa gumu kama kokwa la embe. Lazima usukume mgongo wake kwa kidole gumba ndipo lilegee, na kwa mkono mmoja hiyo ni kazi.

Nililolichagua ni Distel. Linatumia kipande cha kamba chenye macho mawili, jicho moja kila ncha. Unazungusha mara nne kupanda juu, kisha ncha inashuka, inazunguka mara moja chini, na kupita chini ya sehemu yake yenyewe iliyokatisha, hivyo ncha zote mbili zinatokea katikati na kukutana kwenye karabina moja. Kipande changu ni cha milimita 8 juu ya kamba ya 11, na gamba lake ni la aramidi, uzi usioyeyuka kwa msuguano kama nailoni. Wembamba huo una sababu. Kipande kikikaribia unene wa kamba kuu hakiumi vizuri, kikiwa chembamba mno kinauma hadi hakiachii.

Majaribio nimeyafanya kwenye mwembe wa nyumbani Kimara, kimo cha magoti, kwa viroba viwili vya mchanga vya kilo 50 kila kimoja. Juu na chini ya fundo nilipaka mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, nikaacha mzigo usiku kucha. Asubuhi mizunguko minne ilikuwa imelaliana kama kaka na dada kitandani, imeshuka kiasi cha unene wa ukucha, ikasimama hapo. Fundo jipya linakaa kwanza ndipo linashika. Kwa hiyo kila ninapolifunga nalipanga mizunguko isipandane, nalikaza kwa mkono, kisha nalivuta kwa uzito nikiwa bado chini. Baadaye nikaimwagia kamba ndoo ya maji. Likiwa limelowa linauma zaidi na kuachia kwake kunakuwa kwa kushtukashtuka, jambo la kulijua kabla ya Masika.

Linaloniharibia zaidi ni utomvu wa mwembe. Ukiingia kwenye kipande cha milimita 8 unakikausha, kinakuwa kigumu, na kamba ngumu haikumbatii. Nafua kwa maji vuguvugu na sabuni laini, naanika kivulini. Jua la Dar na chumvi ya upepo wa bahari navyo vinakula: nyuzi upande wa kwanza, karabina za alumini upande wa pili.

Mzee mmoja mkwezi kutoka Kigamboni alikuja kutazama. Nilimwamkia, akaitikia, akalishika fundo, akalipandisha na kulishusha bila kusema kitu. Kisha akauliza: "Mwanangu, na majimoto wakikuvamia mkono huu, hilo utalilegeza kwa mkono gani?" Yeyote aliyewahi kupanda mwembe wa pwani anajua swali hilo si dogo. Wale sisimizi wekundu wakishuka kwenye kamba, mkono unaacha chochote ulichoshika, upende usipende.

Swali lake limenipa sehemu mbili za mpangilio wa sasa. Chini ya fundo nimeweka pete ndogo iliyoungwa kwenye karabina. Mkia wa kamba unapita ndani yake, nami nikivuta mkia, pete inalisukuma Distel juu, kwa mkono wowote. Kurefusha ni kulibana fundo kwa juu kwa viganja na kulishusha polepole, hata nikiwa nimelemea. Nikiachia, linashika. Na mwisho wa mkia kuna fundo la namba nane lisilofunguliwa kamwe, ili kiteleze kinachoteleza, kisitoke nje ya kamba.

Ropeman sijaitupa. Imehamia kwenye kamba ya kupandia, ambako miguu yangu iko kwenye vidato, uzito ni mdogo, na kufupisha haraka kwa mkono mmoja kuna faida kuliko kurefusha nikiwa nimelemea. Kamba ya kukalia naifunga kwanza, naikaza, ndipo naifungua ya kupandia. Hakuna dakika ambayo sina kamba shinani.

Kanuni iliyobaki naishikilia kuliko kifaa chochote: kamba ya kukalia isilegee. Nikisimama wima kubadili lenzi, navuta mkia mara moja kwanza. Nikipanda juu ya usawa wa mahali ilipofungwa, nimejitengenezea mwanguko, na zile namba sita na nne zinakuwa zangu. Karabina nazo zina yao: iliyoandikwa 22 kwa urefu mara nyingi ina 7 tu kwa upana, kwa hiyo kila nikikaa natazama haijalala ubavu kwenye daraja.

Kinachofuata ni daraja lenyewe. Kwa sasa ni la urefu mmoja, na baada ya saa mbili nyonga zinabanwa. Nataka kuweka Distel nyingine ndogo upande wa kulia ili nilirefushe nikigeukia nyuma ya shina. Kipande cha kamba ninacho tayari, kilichobaki ni kushona macho yake kwa uzi wa poliesta na kuyapeleka tena kwa viroba vya mchanga. Kibali cha kuingia Pugu na vifaa hivi nitakiombea ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, baada ya hapo.