Siku moja maishani mwangu: nalipwa kuwakataza watu kuvuka mto

Saa 10:40 alfajiri. Kabla sijapiga mswaki, nampigia simu mama mmoja anayekaanga maandazi huko juu, upande wa Kibaha, hatua chache kutoka mtoni.

"Shikamoo mama. Kumenyesha?"

"Marahaba mwanangu. Usiku ilipiga kweli. Sasa hivi manyunyu tu."

Basi. Huyo ndiye idara yangu ya hali ya hewa, na masika yote namtumia vocha ya shilingi 500 kila wiki. Utabiri wa redio nausikiliza pia, ila redio inazungumzia mkoa mzima, na mimi kinachonihusu ni mto mmoja: Mpiji, mpaka wetu wa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani.

Nakaa Mabwepande na kazi yangu ni kutembeza watu mtoni. Ukisema hivyo, mtu anakuona unakula upepo na kupigwa picha. Mama yangu mzazi humwambia jirani, "Huyu anazurura na watu wa mjini." Sawa.

Saa 12. Chai na kiazi, panga, kamba ya mita 20, buti. Nafyeka njia, maana mwezi wa nne nyasi zinaota huku unaziangalia. Kisha nasoma misumari. Kwenye mkuyu wa kivukoni nimepigilia misumari mitatu ya bati. Maji yakiwa chini ya wa kwanza, hata mtoto anavuka. Yakiufikia wa pili, navusha mmoja mmoja kwa kamba. Yakiufikia wa tatu, kila mtu kwao. Leo yako vidole viwili chini ya wa kwanza, na mchanga wa chini unaonekana.

Saa 2, mwalimu mmoja na wanawe wawili. Wamemwona mdiria akijitumbukiza na kuibuka na kisamaki, wamepiga makofi, wakaniuliza kwa nini hawaruhusiwi kuogelea, nikawaeleza habari za kichocho na konokono wake, wakaondoka. Siku zote zingekuwa hivi ningenenepa.

Kundi la pili liliahidi saa 3. Limefika saa 5. Kosta yao ilinasa kwenye tope nyuma ya fuso la mchanga, na hilo siwalaumu. Mchanga unachotwa mtoni kila siku, na fuso zinaibomoa barabara ambayo daladala na bodaboda zetu zinaitegemea. Kivuko cha zamani, alichonionyesha mzee mmoja nilipoanza kazi, sasa ni shimo. Gema limemeguka mpaka kwenye migomba ya watu. Anayechimba anajulikana na halali usingizi mbaya kwa sababu hiyo. Niishie hapo.

Wako 14, na majiko, nyama, na spika kubwa kama begi la safari. Kiongozi wao ni kaka mmoja wa makamo, kofia nyeupe. Wanataka kuvuka wakachome nyama upande wa pili, penye kivuli. Jua linawaka, mbingu ni bluu tupu. Ndipo simu yangu ikaita.

"Mwanangu, huku kumefunga. Inamwagika."

Ikimwagika kwake, kwetu mzigo unafika baada ya saa mbili, tatu. Nikamwambia yule kaka tuchome nyama upande huu.

"Kwa nini? Maji hayafiki hata magotini."

"Kwenda mtakwenda, kaka. Kurudi ndiyo shida."

Akacheka, akawageukia wenzake. "Mimi nimezaliwa Ifakara. Mtoto wa Kilombero. Huu kwetu ni mfereji."

Hapo ndipo siku yangu ilipokwama. Alinieleza Kilombero yote: mitumbwi, viboko, babu yake. Akaniuliza mvua iko wapi, nimwonyeshe kwa kidole. Akasema naogopa kufanya kazi. Akasema wamelipa elfu kumi kumi ili wavuke, si ili wakae hapa kama wanasubiri daladala. Dada mmoja akasema, "Bosi, tumsikilize mwenyeji," akanyamazishwa. Mwingine akawasha spika. Mimi nimesimama mdomoni mwa kivuko, kamba begani, jasho linaingia machoni, na jibu langu ni lile lile. Dakika 40. Nilitamani anitukane, angalau ningejua tumefika mwisho.

Sikumwambia kwamba mimi ni mtoto wa bonde la Msimbazi. Desemba 2011 nilikuwa na miaka tisa, tukalala juu ya paa la jirani. Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Mapema 2012 tukaletwa Mabwepande, kwenye mahema kwanza. Tulikimbia mto mmoja, nikaja kuajiriwa na mwingine. Lakini hayo humwambii mtu mwenye spika.

Mwishowe njaa ilimshinda. Wakawasha jiko upande huu, wamenuna.

Sijui ilikuwa saa ngapi, saa 8 labda. Kwanza rangi: maji yalikuwa meupe, yakawa kama chai ya maziwa. Kisha majani makavu, povu la kahawia, kandambili moja ya mtoto, ya kushoto. Kelele zake zilibadilika pia, zikawa nzito. Msumari wa kwanza ukazama, wa pili nao, huku juu yetu hakuna hata wingu. Mtu akazima spika bila kuambiwa. Yule dada akasogeza viatu vyake mbali na ukingo, ingawa vilikuwa mbali tayari.

Kaka wa Kilombero alitazama muda mrefu huku anatafuna. Kisha akaniuliza kuhusu hela yao. Nikamrudishia elfu 40 kati ya 140, maana sikuwavusha kweli, na sikuwa na nguvu ya kubishana tena.

Jioni imepita vipande vipande. Kusukuma kosta. Kuokota makopo na vijiti vya mishikaki. Kushuka bustanini kwa mama, ambako matuta mawili ya matembele yamekwenda na maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka mtoni, na matuta ya mama yako mita kumi. Najua. Naye anajua. Tumechimbua yaliyobaki kwenye tope, kimya, kwa tochi ya simu.

Nimeoga saa 3 usiku. Kesho Jumapili nina watu 20. Nikamtumia ujumbe yule mama wa maandazi: kumelalaje huko?

Jibu likaja: "Bado inachuruzika. Na vocha ya wiki iliyopita?"