Tihai kwenye bluzi: jazi ilivyojifunza kuhesabu Kihindi

Ukitaka kusikia muziki wa India ndani ya jazi, usianze na sitari. Sitari ndiyo inayovutia macho kwenye jalada la santuri, lakini katika rekodi nyingi za miaka ya 1960 imewekwa kama pambo: ukiiondoa, wimbo unabaki vilevile. Sikiliza kishazi, yaani kifungu kifupi cha noti, kinatua wapi. Mpiga saksafoni akirudia kishazi kilekile mara tatu, na noti ya mwisho ya mara ya tatu ikaangukia barabara juu ya pigo la kwanza, hiyo ni tihai. Kwangu mimi, hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo India iliipa jazi, na haihitaji ala yoyote ya Kihindi.

Hesabu yake ni hii. Chukua urefu wa kishazi mara tatu, ongeza mapumziko mawili ya katikati. Jumla iwe sawa na mapigo yaliyobaki mpaka mwisho wa mzunguko, na moja juu. Hilo moja ndilo pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, ambalo wapiga tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi, huliita sam.

Tuchukue bluzi ya kawaida ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Unaanza kipimo cha 9. Yamebaki mapigo 16, kwa hiyo unatafuta 17. Kishazi cha mapigo 5 na pumziko la pigo 1 vinatosha: 5 + 1 + 5 + 1 + 5. Mara ya kwanza kinaanza mwanzo wa kipimo cha 9 na kuishia pigo la kwanza la kipimo cha 10. Pigo la pili kimya. Mara ya pili kinaanza pigo la tatu la kipimo cha 10 na kuishia la tatu la kipimo cha 11. La nne kimya. Mara ya tatu kinaanza mwanzo kabisa wa kipimo cha 12, na noti yake ya tano inatua pale mzunguko mpya unapofunguka.

Kabla ya kushika ala, itamke. Kusini mwa India kuna sanaa nzima ya kutamka midundo kwa mdomo, konakoli, na silabi zake ni hesabu tupu: ta ka ni mbili, ta ki ta ni tatu, ta ka di mi ni nne, ta di gi na tom ni tano. Saba utaipata kwa kuunga tatu na nne. Mkono nao una kazi yake. Kwa adi tala, mzunguko wa mapigo 8, unapiga kofi kwenye paja, unagusa kidole cha mwisho, cha pete, kisha cha kati. Halafu kofi na kugeuza kiganja juu, kofi na kugeuza kiganja juu. Mkono ukienda hivyo bila kukatika, mdomo uhesabu tano tano juu yake. Mizunguko miwili ya mkono ni mapigo 16, yaani nafasi ileile ya vipimo vinne vya bluzi. Ile "tom" ya tatu lazima ikutane na kofi la kwanza. Ikikutana na kiganja kilichogeuzwa, yaani pigo moja kabla, umekula pumziko moja. Hilo ndilo kosa la wanaoanza karibu wote: wanatafuta 16 badala ya 17.

Kosa la pili ni la wenzako jukwaani. Mpiga ngoma akisikia kimya cha pigo moja, mkono unamwasha, anakijaza. Kimya kile ndicho kinachomwonyesha msikilizaji kwamba kishazi kimeisha na kinaanza upya. Kikijazwa, tihai inageuka msururu wa noti tu. Mwambie mapema aendelee na mdundo wake wa kawaida na aungane nawe kwenye noti ya mwisho peke yake. Mpiga besi naye asifuate mikazo yako. Asiposimama imara hakuna anayejua "moja" iko wapi, na kutua kwako hakuna maana.

Kosa la tatu ni gumu zaidi, nalo ni la jazi yenyewe. Katika swingi, mdundo wa kuyumba wa jazi, pigo likigawanywa mara mbili, nusu ya kwanza ni ndefu na ya pili ni fupi. Mpiga tabla hugawanya sawasawa. Ukipiga tihai kwa nusu pigo, jumlisha kishazi na pumziko lake. Ikiwa jumla ni namba shufwa, kama 5 + 1, kishazi kila mara kinaanza kwenye nusu ndefu, na umbo lake halibadiliki. Ikiwa ni witiri, kama 3 + 4, mara ya pili kinaanza kwenye nusu fupi na kinasikika kama kishazi kingine kabisa. Ama chagua shufwa, ama wote mnyooshe swingi, yaani mgawanye pigo sawasawa, kwa vipimo vya tihai hiyo.

Don Ellis, mpiga tarumbeta wa Los Angeles, aliichukua hesabu hii kwa uzito. Alijifunza kwa Hari Har Rao, mwanafunzi wa mpiga sitari Ravi Shankar, na mwaka 1966 alipanda jukwaa la tamasha la jazi la Monterey, California, na bendi kubwa akapiga kipande cha mapigo 19 ambacho jina lake ndilo mgawanyo wake: 33 222 1 222. Jumlisha utaona. Siri iko kwenye hiyo 1 ya katikati. Bila yake ungekuwa na 18, mdundo ambao mwili unauzoea haraka. Ile moja inakulazimisha uhesabu kila mzunguko.

Wasikilizaji wa taarabu ya Mombasa wanaanza na faida. Tabla na harmoniamu si vitu vigeni kwao, na Juma Bhalo aliimba Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Lakini nyimbo za filamu hupenda mizunguko mifupi, keherwa ya mapigo 8 na dadra ya 6, kwa hiyo sikio linaijua sauti ya tabla na bado rupak ya 7 (3 + 2 + 2) na jhaptal ya 10 (2 + 3 + 2 + 3) zinahitaji mazoezi.

Kundi lililovuka mbali zaidi ni Shakti, lililorekodiwa jukwaani mwaka 1975: John McLaughlin kwenye gitaa, L. Shankar kwenye fidla, Zakir Hussain kwenye tabla, Vinayakram akipiga ghatam, ambacho ni chungu cha udongo, na Raghavan kwenye mridangam, ngoma ya kusini mwa India yenye nyuso mbili. Gitaa la McLaughlin lilitengenezwa kwa kazi hiyo. Mbao ya shingo ilichongwa mabonde kati ya vyuma, ili waya uvutwe na noti iteleze kama ya vina, ala ya nyuzi ya Kihindi, na nyaya saba za ziada zilikatiza kimshazari chini ya zile kuu, zikilia zenyewe kwa mwitikio. Anayejaribu shingo ya namna hiyo hugundua haraka kwamba kidole kizito kinapandisha kila noti. Bonyeza kwa wepesi.

Kuhusu raga, misingi ya melodi ya Kihindi, wapiga jazi wengi bado wanakosea. Raga si skeli, yaani si orodha ya noti tu. Bhupali na Deshkar zina noti zilezile tano, Sa Re Ga Pa Dha, ambazo kwenye piano ni C D E G A. Bhupali ni ya jioni na uzito wake uko kwenye Ga. Deshkar ni ya asubuhi na uzito wake uko kwenye Dha. Ukikimbia noti tano hizo juu na chini bila kujua unakaa wapi, hujapiga hata mojawapo.

Mwisho ni noti inayodumu. Mpiga saksafoni John Coltrane, aliporekodi "India" pale Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York, Novemba 1961, aliweka wapiga besi wawili, Jimmy Garrison na Reggie Workman, na wimbo ukakaa juu ya msingi mmoja bila akodi (noti zinazopigwa pamoja) za kubadilika. Anayeiga hilo ajihadhari na piano. Tatu kubwa ya piano, yaani umbali wa kutoka C hadi E, iko juu ya tatu safi kwa takriban senti 14, yaani karibu sehemu ya saba ya nusu toni. Katika wimbo wenye akodi zinazopita haraka hakuna anayeisikia. Juu ya noti isiyokoma inatetemeka na kuudhi sikio. Mpiga saksafoni anaishusha kwa kulegeza mdomo. Piano haina mdomo, basi ipige nne na tano (F na G juu ya C), na ile tatu imwachie saksafoni.