Midomo ya Bibi ilipoitangulia sauti yake

Nilimrekodi Bibi akisimulia utoto wake kwa dakika 50 bila kusimama. Picha nilichukua kwa simu iliyowekwa juu ya kigoda, na sauti nikaichukua kwa kinasa sauti kidogo kilichokaa mezani karibu naye. Kabla hajaanza nilipiga kofi moja mbele ya kamera, ili baadaye nilitumie kulinganisha picha na sauti. Sikufikiria kupiga lingine mwishoni, na jambo hilo lilinisumbua baadaye.

Kwenye programu ya kuhariri nililinganisha kofi lile: viganja vinakutana, na mlio unaonekana kama mwiba katika mawimbi ya sauti. Dakika za mwanzo zilikwenda sawa kabisa. Kufika dakika ya 40, Bibi alikuwa anafunga mdomo kabla neno halijasikika. Nikaisogeza sauti mpaka ikakaa vizuri pale, nikarudi mwanzo, mwanzo ukawa umeharibika. Usiku mzima nilisogeza na kukata, nikizidi kuvuruga masimulizi ambayo nisingeweza kumwomba Bibi ayarudie.

Asubuhi niliacha kusogeza nikaanza kupima. Sauti ikipishana na picha kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kuisogeza mara moja kunatosha. Yangu ilikuwa inazidi kuachana. Dakika ya 10 hapakuwa na tofauti. Dakika ya 25 zilikuwa fremu 8 (fremu ni picha mojamoja zinazounda video). Dakika ya 40 ilizidi sekunde nzima. Mwachano wenyewe haukukua kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo nilipokumbuka dirisha. Tulianza jua likiwa bado juu, tukamaliza chumba kikiwa na giza.

Simu nyingi, mwanga ukipungua, huongeza muda wa kunasa kila fremu, na idadi ya fremu kwa sekunde inashuka. Nilifungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, nikakuta kasi ya fremu imeandikwa kuwa ni ya kubadilika, ya juu 30 na ya chini karibu 24. Kicheza video cha kawaida hufuata muda ulioandikwa kwa kila fremu, ndiyo maana faili ileile ilionekana nzima nilipoitazama kwenye simu. Programu yangu ya kuhariri ilizihesabu zote kama 30 kwa sekunde, kwa hiyo picha ikawa fupi kuliko sauti. Ukiona faili inacheza vizuri penye kicheza video lakini inaachana ukiiweka kwenye taimlaini ya programu ya kuhariri, anza kushuku hapo.

Nilikagua pia sampuli za sauti. Kinasa kilikuwa kimerekodi kwa 44.1 kHz, yaani sampuli 44,100 kila sekunde, na mradi wangu ulikuwa wa 48 kHz. Lakini kama programu ingekosea kuzisoma, sauti ya Bibi ingekuwa nyembamba na ya haraka, na mwishoni tungepishana kwa zaidi ya dakika 4. Nikaliacha hilo.

Dawa ilikuwa HandBrake, programu ya kugeuza faili za video. Nilichagua fremu 30 zisizobadilika na ubora wa 18 (namba ikiwa ndogo, ubora huwa mkubwa na faili huwa nzito), nikaliacha faili jipya litengenezwe. Penye pengo programu hurudia fremu, jambo ambalo jicho halilioni kwa mtu aliyekaa ametulia.

Nikaweka faili jipya, nikalinganisha kofi, nikaruka hadi dakika ya 47 ambapo Bibi anaweka kikombe mezani. Kikombe ndicho kilichokuwa kofi langu la mwisho. Mlio ulitangulia kwa fremu 3, yaani milisekunde 100. Hilo si kosa la simu peke yake: kila kifaa kina saa yake ya ndani, na saa mbili haziendi sawasawa kabisa. Fremu 3 si za kupuuzwa sauti ikiwa ndiyo iliyotangulia. Pendekezo la BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, la mwaka 1998, linaonyesha kwamba watu hugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 tu, ilhali ikichelewa hawagundui mpaka ifike karibu 125. Tumezoea mlio wa mbali kutufikia baada ya kuona, si kabla.

Ningeweza kuivuta sauti yote kidogo sana, ila niliona afadhali kutafuta mahali ambapo Bibi ananyamaza kuvuta kumbukumbu. Nilikata kwenye kimya mara tatu, kila mara nikaichelewesha sauti kwa fremu moja.

Nilipotoa faili la mwisho nilishtuka: sauti ilichelewa tena, safari hii tangu mwanzo. Nilikuwa nimevaa hedifoni za Bluetooth, ambazo huichelewesha sauti kidogo. Nilichomeka za waya, nikarudi dakika ya 47. Kikombe kikagusa meza, na mlio ukawa palepale.