Breadalbane: cheo kilicholala

Jamani hiki cheo cha Earl (cheo cha kikabaila cha kurithi) wa Breadalbane kule Uskoti kinanigusa sana, kilianza 1681, akapewa John Campbell wa Glenorchy, ambaye kabla ya hapo alikuwa Earl wa Caithness, akapigana na akina Sinclair, ukoo uliokuwa ukidai cheo hicho cha Caithness, pale Altimarlach 1680, vita akashinda lkn cheo hicho cha Caithness akanyang'anywa! Kinachoniuma ni Duncan, mtoto wake mkubwa, karukwa hivi hivi urithi ukaenda kwa mdogo wake. Malkia Victoria alifikia kasri lao la Taymouth 1842, usiku zikapangwa taa chini kwenye nyasi zikaandika kumkaribisha yeye na mumewe Albert, yaani fahari tupu. 1922 likauzwa. Earl wa 10 akafariki 1995 bila mtoto, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba ndiye mrithi.