Nilivyozipiga Picha Taa za Kaskazini Kule Abisko

Kwa miaka sita niliyoishi Stockholm nimepewa ushauri mwingi kuhusu taa za kaskazini, zile nuru zinazocheza angani usiku katika nchi za kaskazini ya mbali, na karibu wote ulikuwa wa kunipotosha. Naandika haya kwa ajili ya Mswahili mwenzangu anayetaka kwenda kuziona, asije akapoteza usiku wa kwanza na wa pili kama nilivyopoteza mimi.

Jambo moja nililipata sawasawa tangu mwanzo, nalo sikufundishwa na mtu. Mbalamwezi huififisha anga na kuzimeza taa zilizo hafifu, kwa hiyo nilipotafuta siku za kusafiri niliitazama kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa jikoni na kuchagua siku za mwisho za Shaabani, ambazo mwaka 2025 ziliangukia mwishoni mwa Februari, ndani ya likizo ya shule. Mwezi mwandamo ukikaribia, usiku huwa giza totoro, na hesabu hiyo kila mmoja wetu anaijua tangu utotoni.

Tulikwenda watatu: mimi, mume wangu, na wifi yangu aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Abisko ni kijiji kidogo kilichoko kiasi cha kilomita 200 kaskazini mwa mstari wa Aktiki, kando ya ziwa Torneträsk, na treni ya usiku kutoka Stockholm hukufikisha hapo hapo. Tulikodi nyumba ndogo ya mbao karibu na ziwa. Gharama sikuziandika, lakini treni na nyumba vilichukua karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi, na nguo nzito tuliziazima. Nilipachagua pale kwa sababu ya milima iliyo upande wa magharibi: mawingu yatokayo baharini, upande wa Norwei, humwaga maji na theluji yake juu ya milima hiyo kabla ya kufika, ndiyo maana Abisko ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Uswidi, na anga yake huwa wazi mara nyingi kuliko ya majirani zake.

Usiku wa kwanza tulilala. Nilikuwa nimeambiwa kwa msisitizo kwamba nisijisumbue kutoka nje mpaka kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia kiitwacho Kp, kinachoonyeshwa na programu za simu kuanzia 0 hadi 9, kifike 5. Simu ilionyesha 2, nasi tukapanda kitandani. Asubuhi jirani wa nyumba ya pili alituonyesha picha za anga iliyojaa kijani, zilizopigwa saa nne usiku, juu ya paa letu wenyewe. Nilikasirika sana. Ushauri ule unamfaa aliye Stockholm, kwa kuwa taa zinahitaji dhoruba kubwa ya sumaku ili zishuke kusini kiasi hicho. Lakini Abisko iko chini ya ukanda wenyewe wa taa hizi, na huko hata 1 au 2 inatosha mawingu yakikaa mbali. Ukiwa huko, tazama mawingu kwanza.

Usiku wa pili tulitoka mapema, na hapo ndipo kamera iliponitesa. Nilipoiachia ijilenge yenyewe, lenzi ilikwenda mbele ikarudi nyuma gizani bila kupata pa kushika. Nikaizima hali hiyo na kuizungusha pete ya lenzi mpaka mwisho, kama nilivyoshauriwa, kwenye alama ya umbali usio na kikomo. Kisha nikaacha shata, yaani kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi kwa sekunde 30, kwa kuwa hilo nalo nililishauriwa. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana kizuri. Tuliporudi ndani na kuzifungua picha kwenye kompyuta, nyota zilikuwa vitone vinene kama sarafu, kwa sababu pete za lenzi nyingi, zikizungushwa mpaka mwisho, hupita kidogo ile alama. Mapazia ya taa, ambayo kwa macho tuliyaona yakijikunja na kujikunjua, yalikuwa yamechanganyika yakawa uji wa kijani. Katikati ya picha kulikuwa na maduara ndani ya maduara, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani. Hayo yaliletwa na kioo cha kukinga lenzi nilichouziwa dukani kwa maelezo kwamba nisikivue kamwe. Na baada ya picha ya arobaini hivi, sakitu, yaani unyevu ulioganda, ilifunika lenzi nzima.

Mchana uliofuata niliketi na kurekebisha kila kosa. Kioo cha kukinga nilikivua. Kuhusu sakitu, wifi yangu ndiye aliyepata dawa: alichana ukingo wa kanga yake, tukafunga kwa ukanda huo pakiti mbili za joto, zile za kutia ndani ya glavu, kuizunguka lenzi. Lenzi iliyoelekezwa kwenye anga wazi hupoa kuliko hata hewa inayoizunguka. Joto dogo la pakiti lilitosha kuizuia isigande kwa saa tatu nzima. Betri za akiba nilizitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, kifuani, zisipatwe na baridi.

Kulipoingia giza niliielekeza kamera kwenye sayari ya Mshtarii, iliyokuwa iking'aa juu kuliko nyota zote, nikaikuza kwenye kile kioo kidogo cha kamera, nikazungusha pete taratibu mpaka ikawa nukta ndogo kabisa, kisha nikaibandika pete kwa utepe isisogee.

Saa tatu na nusu niliona juu ya bonde la Lapporten kitu cheupe kama moshi wa kuni. Jicho gizani halitambui rangi za mwanga hafifu, kwa hiyo nikipata shaka hupiga picha moja ya sekunde tano: wingu hutoka la kijivu, taa hutoka za kijani. Ilitoka ya kijani. Nilikuwa nimeweka ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, kwenye 1600, tundu la lenzi f/2.8 na sekunde 10. Dakika chache baadaye mwanga ukapamba moto juu ya vichwa vyetu, nikashuka mpaka sekunde tatu ili mikunjo ya mapazia isipotee. Kijani hutoka kwenye oksijeni, kilomita mia moja na zaidi juu yetu. Ukingo wa chini ulioiva waridi ni wa naitrojeni, na ule tuliuona kwa macho matupu. Wifi yangu alisema, "Subhanallah," kisha hakusema kitu kingine kwa muda mrefu.

Kabla ya kuingia ndani niliifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni ili unyevu wa nyumba usiingie kwenye lenzi baridi. Wifi alisihi, "Wifi, fungua basi tuone," nami nikakataa mpaka asubuhi. Picha tuliyoitundika ukutani si ile yenye mwanga mwingi. Ni ile ambayo yeye amesimama kwenye barafu ya ziwa, uso juu, ametulia kwa sekunde zote tatu.