Siku moja maishani mwangu: Maskati–Mumbai, kwenda na kurudi

Saa 11 alfajiri
Chai ya rangi, sare, gari la kazini liko mlangoni. Mimi ni mhudumu wa ndege, naishi Seeb. Zamu ya leo ni Mumbai na kurudi, hatulali huko. Ni karibu kilomita 1,600, karibu zote juu ya Bahari ya Arabuni.

Saa 1 asubuhi
Kikao kifupi na rubani. Januari hii pepo za juu zinavuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda zitatusukuma: saa mbili na dakika 5 hewani. Kurudi tutapambana nazo, saa mbili na dakika 35, na mafuta tutachoma zaidi. Umbali ni uleule.

Natamani kila abiria alielewe hili kabla ya kupanga safari. Tiketi inasema tunaondoka saa 3 asubuhi na kufika saa 7 mchana. Mtu anahesabu saa nne. Ya kurudi inasema kuondoka saa 8 na nusu, kufika saa 10 jioni. Anahesabu saa moja na nusu, anashangaa. Kila mji umeandikwa kwa saa yake, na India imeitangulia Oman kwa saa moja na nusu. Ukienda, punguza hiyo, ukirudi, iongeze. Utapata saa mbili na nusu kwenda, saa tatu kurudi, kuanzia ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena.

Saa 3 na robo
Tumeruka. Chakula kinagawiwa upesi, muda ni mfupi.

Saa 4 na nusu
Safu ya 14 amekaa bibi mmoja kutoka Nizwa, anakwenda kutibiwa magoti. Kusikia Kiswahili changu ameng'ang'ania mkono wangu.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, kidonge changu ni kila baada ya saa nane. Nimemeza saa 10 alfajiri. Huko tukifika itakuwa saa 7, si nitakuwa nimepitiliza?"
Kwenye leso amefunga vidonge viwili, vyeupe, vya leo tu. Nimeishika saa yake ya mkononi, ya kamba nyeusi iliyochanika.
"Usiigeuze hii, bibi. Iache na saa ya Maskati. Ikifika saa 6 hapa, meza. Daktari akikupangia upya, ndipo uibadilishe."
Ameirudia mara mbili, nami nimemwandikia kwenye kitambaa cha karatasi.

Saa 5 na nusu (Mumbai saa 7)
Tulizunguka kidogo kabla ya kutua. Njia mbili za kurukia za uwanja huu zinakatana, hivyo haziwezi kutumika kwa pamoja, na ndege ni nyingi. Bibi ameteremka kwa kiti cha magurudumu, nusu saa kabla ya kidonge chake.

Saa 7 mchana (Mumbai saa 8 na nusu)
Tunarudi. Jua liko mbele kushoto, abiria wamefunga madirisha. Kijana mmoja ananiuliza kwa nini tunachelewa. Namweleza habari ya upepo, na saa moja na nusu anayorudishiwa. Anasogeza mishale ya saa yake papo hapo.

Saa 10 jioni
Maskati.

Saa 2 usiku
Nimeoga, nimekula. Mumbai sasa ni saa 3 na nusu. Kile kidonge cha pili leo ni wakati wake.